Kwa nini dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita?



Mara nyingi tunakutana na mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa vizuri. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi kimekwisha, homa za jioni na jasho la usiku vimekoma, na mwili umeanza kurudi. Hapo hujiuliza: "Nimeshapona, vidonge hivi ni vya nini tena?" Wapo wanaoacha. Baadaye kikohozi hurudi, na safari hii dawa zile zile zaweza kushindwa. Mwezi huu tunapenda kueleza sababu yake, maana anayejua sababu ya agizo hulishika vizuri zaidi.

Kijidudu chenye ukuta wa nta

Kijidudu cha kifua kikuu kilitambuliwa na Daktari Robert Koch, aliyetangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ukuta wake wa nje ni mnene na umejaa mafuta mazito yanayofanana na nta. Kama maji yanavyoteleza juu ya jani la mgimbi, ndivyo dawa nyingi zinavyoshindwa kupenya ukuta huo.

Mafuta hayo hujengwa na vimeng'enya. Hizi ni protini zinazofanya kazi ndani ya kila kiumbe hai. Kimoja kimo katika mate yetu, nacho huanza kuugeuza wanga wa ugali kuwa sukari tukiwa bado tunatafuna. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata maagizo yaliyomo katika jeni. Kijidudu hiki kina jeni zipatazo 4,000, na moja kati ya hizo huitwa inhA. Kimeng'enya chake ni kama fundi anayerefusha nyuzi za mafuta ya ukuta. Fundi huyo akizuiwa, ukuta haujengwi tena na kijidudu hufa.

Dawa inayomfunga fundi mikono

Isoniazidi ilitengenezwa kwa mara ya kwanza huko Prague mwaka 1912, lakini ilipita miaka 40 hivi kabla ya watu kutambua kwamba inatibu kifua kikuu. Tangu mwaka 1952 imeponya watu wengi mno. Hata hivyo, namna inavyoua ilibaki fumbo kwa muda mrefu. Mwaka 1994 ndipo watafiti walipoieleza jeni ya inhA, wakaipa jina kutokana na INH, ambalo ni jina la kifupi la dawa hiyo.

Isoniazidi ikiingia ndani ya kijidudu huwa haina makali. Kimeng'enya kingine cha kijidudu chenyewe ndicho kinachoinoa. Ikishanolewa, humng'ang'ania fundi wa ukuta hata asiweze kufanya kazi.

Vijidudu vinavyolala

Dawa hii huua vijidudu vinavyokua na kujenga ukuta. Hao ndio wengi mwanzoni, na wakifa mgonjwa hupata nafuu. Lakini vingine hulala ndani ya mapafu. Kilicholala hakijengi, hivyo isoniazidi haikipati. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa pia rifampisini, ambayo hukipata hata kile kinachoamka kwa muda mfupi. Kwa kawaida miezi miwili ya kwanza ni ya dawa nne: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata ni ya zile mbili za kwanza, ili kuwamaliza waliojificha. Anayeacha njiani amewaachia hao nyumba.

Usugu huanzaje?

Kijidudu kinapogawanyika hunakili jeni zake, na mara chache hukosea. Kosa moja huongeza idadi ya mafundi hata dawa isitoshe kuwafunga wote. Kosa jingine huharibu kile kimeng'enya kinachoinoa dawa. Hukadiriwa kwamba kijidudu kimoja hivi kati ya milioni tayari kina kosa la namna hii, na tundu moja katika pafu laweza kuwa na vijidudu makumi ya milioni. Dawa moja peke yake ingewaacha hao wakiwa hai. Dawa kadhaa kwa pamoja huwamaliza, kwa kuwa ni vigumu sana kijidudu kimoja kukwepa zote. Anayemeza leo na kuruka kesho huwapa sugu nafasi ya kuzaliana, kisha huweza kuwaambukiza mke, mume na watoto ugonjwa ambao tangu siku ya kwanza haukubali dawa za kawaida.

Tufanye nini?

1. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

2. Meza dawa zote ulizopewa, kila siku, mpaka mganga aseme basi. Usimgawie mwingine.

3. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe. Unatokana na rifampisini. Lakini ukiona macho ya njano, ukatapika sana au kusikia ganzi miguuni, rudi kituoni upesi. Epuka pombe.

4. Watoto wadogo wanaoishi na mgonjwa wapelekwe kuchunguzwa. Wasio wagonjwa waweza kupewa dawa ya kinga.

5. Wanajumuiya, msimtenge mgonjwa. Mtu mmoja wa karibu amkumbushe dawa kila siku, na majirani wamsaidie chakula na nauli ya kwenda kituoni.

Miezi sita si michache kwa mtu anayejisikia mzima, lakini wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Tuwasindikize wagonjwa wetu mpaka kidonge cha mwisho. Mungu awabariki.