Neno lililokatika: namna ya kusoma makosa ya kompyuta ya Linux inayokataa kuwaka

Katika Kiswahili, kitenzi kimoja, kuwasha, hutumika kwa moto, kwa taa na kwa kompyuta. Kwa taa kinatosha, kwa sababu kati ya kidole na mwanga hakuna jambo la kusimuliwa. Kwa kompyuta chapasa kurudishwa katika maana yake ya kale, ile ya moto wa kuni: cheche hushika majani makavu, majani hushika vijiti, vijiti hushika gogo, wala hakuna aliyewahi kuwasha gogo kwa njiti moja ya kiberiti. Kompyuta nayo haiamki mara moja. Hupita katika hatua kadhaa, kila hatua ikiita ile inayoifuata, na ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo kabla mfumo haujaanza ni habari ya hatua iliyoita isiitikiwe.

Jambo hilo si la mafundi peke yao. Mwanafunzi akiwasha kompyuta yenye tasnifu yake, akaona herufi mbili nyeupe juu ya kioo cheusi na baada yake kimya, huamini kwamba kazi ya mwaka mzima imekwenda. Rafiki anayesifiwa kwa kuzijua mashine humshauri aweke mfumo upya. Diski hufutwa, mfumo huwekwa, kompyuta huwaka, na hapo ndipo tasnifu inapopotea kweli. Kwani kabla ya kufutwa ilikuwa, mara nyingi sana, salama mahali pake. Kilichoharibika kilikuwa ile programu ndogo inayosimama mlangoni, kati ya mashine na mfumo, ambayo katika makala hii itaitwa kianzishi.

Umeme ukiingia, programu iitwayo BIOS, iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa mashine, hukagua kumbukumbu na vifaa, kisha huchagua diski na kusoma kipande chake cha kwanza tu, chenye baiti 512. Mpango huo ulifika katika kompyuta za IBM PC XT mwaka 1983, pamoja na toleo la 2.0 la DOS, na umedumu kuliko mashine zenyewe. Katika baiti hizo 512, 446 ni za programu, 64 ni za jedwali linaloeleza diski imegawanywa katika sehemu gani, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba kipande hicho ni cha kuanzishia. Baiti 446 ni chache kuliko herufi za aya hii. Hakuna programu inayoweza kukifahamu kiini cha Linux katika nafasi finyu kiasi hicho. Kwa hiyo kianzishi hugawanywa, na kazi ya kipande cha kwanza ni kukitafuta cha pili, si zaidi.

Mfano bora wa kuelewesha mambo hayo ni LILO, kianzishi kilichotungwa na Werner Almesberger mnamo 1992 na kutumika katika karibu kila kompyuta ya Linux ya miaka ya 1990. Uendelezaji wake ulisimama mwaka 2015, lakini bado kinafaa kufundishia, kwa kuwa kinasema kwa uwazi kuliko warithi wake. Jina lake hutokea kwenye kioo herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi huandikwa wakati kazi fulani inapoanza au inapokwisha. Jina likitokea lote, sehemu zote zimepakiwa. Likikatika, mahali lilipokatika ndipo penye kosa. (Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba neno zima, lilo, lina maana katika lugha yake, kama katika kusema neno lilo hilo, na kwamba LIL, lisilo na irabu mwishoni, halikai vizuri kinywani. Ni bahati tu, lakini husaidia kukumbuka.)

Kusipotokea herufi yoyote, LILO haikufikiwa kabisa: pengine BIOS imeelekezwa kwenye diski nyingine, au kipande cha kwanza kimeandikwa upya na mfumo mwingine. Ikitokea L peke yake, ikifuatwa na tarakimu mbili zinazorudiwarudiwa hata kujaza kioo, kipande cha kwanza kiko hai lakini hakikuweza kukipakia cha pili, na tarakimu zile ni jibu la BIOS yenyewe: 01 ni amri isiyofaa, 40 ni kushindwa kufika mahali palipotakiwa kwenye diski, 80 ni diski isiyojibu kwa wakati. Tarakimu za mwisho hizo mbili zaogopesha kuliko nyingine, kwa sababu zaweza kuonyesha diski inayokufa. Hapo kinachotangulia ni kunakili kazi, matengenezo yatafuata. LI yasema kwamba kipande cha pili kilipakiwa lakini hakikuweza kutekelezwa. LIL yasema kwamba kimetekelezwa, ila hakiwezi kusoma jedwali lililomo katika faili ya ramani. Alama ya kuuliza baada ya LIL huonyesha kwamba kipande cha pili kimewekwa mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na kistari huonyesha kwamba jedwali lenyewe limevurugika.

Chanzo cha nyingi za hali hizo ni kimoja, nacho chafaa kukaliwa kidogo. LILO haifahamu majina ya faili. Inapowekwa huandika ramani, yaani orodha ya mahali hasa kwenye diski palipo kiini cha Linux na sehemu zake nyingine. Ni kama mgeni aliyeambiwa kwamba nyumba ya mjomba wake ni ya saba baada ya mwembe, asiambiwe jina la mjomba. Mjomba akihama, hata kama amehamia nyumba ya jirani, mgeni atabisha hodi pale pale pa zamani. Mtu aliyebadilisha kiini kwa toleo jipya, au aliyehamisha tu faili za saraka ya «/boot», kisha akasahau kutoa amri ya «/sbin/lilo» ili ramani iandikwe upya, alikuwa amemhamisha mjomba. Chanzo cha pili kilikuwa ni BIOS na LILO kuhesabu umbo la diski kwa namna mbili tofauti, na cha tatu ni kwamba BIOS za zamani hazikuweza kusoma kupita silinda ya 1024. Kiini kilichokaa mbali zaidi kilikuwapo, lakini hakikufikika. Ndiyo sababu vitabu vya wakati ule vilishauri kutenga sehemu ndogo ya «/boot» mwanzoni mwa diski.

Dawa ya hali hizo, na ya nyingi zitakazotajwa, ni kuingia kwa mlango mwingine. Kompyuta huanzishwa kwa disketi, kama ilivyokuwa zamani, au kwa flashi ya USB yenye mfumo kamili wa Linux, kama ilivyo leo. Kisha sehemu ya diski yenye mfumo uliolala hufunguliwa kwa amri ya «mount». Hapo mwanafunzi huona faili zake kwa macho yake, na haifai kuendelea kabla hajanakili tasnifu nje ya mashine. Baada ya hapo amri ya «chroot» humwingiza katika mfumo wake wa zamani, ambamo kianzishi huandikwa upya.

Onyo moja halina budi kutolewa kuhusu kipande cha kwanza. Wako wanaokihifadhi kwa amri ya «dd» ili wakirudishe kikiharibika, na wazo hilo ni jema. Lakini anayerudisha baiti zote 512 hurudisha pia jedwali la sehemu za diski kama lilivyokuwa siku ya kuhifadhi. Ikiwa diski imegawanywa upya tangu siku hiyo, atafuta mipaka mipya kwa mkono wake mwenyewe. Za kurudishwa ni 446 tu.

Kianzishi kilichochukua nafasi ya LILO ni GRUB. Kilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 kwa ajili ya mfumo wa GNU Hurd, kikaingizwa rasmi katika kazi za GNU mwaka 1999, na toleo lake la pili, lililoandikwa upya kabisa, lilifikia namba 2.00 mwaka 2012. Tofauti yake kubwa na LILO ni kwamba chenyewe chafahamu mpangilio wa faili: chaweza kumtafuta mjomba kwa jina. Kiini kikibadilishwa, hakuna ramani ya kuandikwa upya. Tena kina mahali pa kupokea amri, hivyo mtu aweza kujadiliana nacho.

Hata hivyo GRUB nayo hukumbuka jambo moja kwa namba, yaani ni diski ipi na sehemu ipi yenye saraka ya «/boot/grub», zilimokaa sehemu zake nyingine. Mtu akifuta sehemu moja ya diski ili apate nafasi, namba za nyingine zaweza kubadilika. Asubuhi yake GRUB husema «error: no such partition», kisha huandika «grub rescue>» na kungoja. Wengi huona kimya hicho kuwa ni mwisho, kumbe ni swali. Amri ya «ls» hutaja diski na sehemu zote zinazoonekana. Anayeuliza moja baada ya nyingine, kwa mfano «ls (hd0,1)/boot/grub», atafika kwenye ile inayojibu kwa orodha ya faili badala ya kosa. Akiipata, amri tatu humtoa gizani: «set prefix=(hd0,1)/boot/grub», halafu «insmod normal», halafu «normal». Akumbuke kwamba katika GRUB 2 diski huhesabiwa kuanzia 0 na sehemu kuanzia 1. Katika toleo la kale vyote viwili vilianzia 0, na mashauri mengi ya zamani huwapotosha watu kwa sababu hiyo.

Hapa Kongo kuna kizuizi kingine ambacho miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haikitaji. Katika hatua hiyo GRUB haijui kibodi ya Kifaransa. Hupokea kila kibonye kana kwamba ni cha kibodi ya Marekani. Anayeandika «normal» kwa kufuata herufi anazoziona chini ya vidole vyake atapata neno jingine, na ataamini kwamba mashine imeharibika zaidi. Ili kupata m, abonyeze kibonye chenye alama ya mkato. Ili kupata a, abonyeze q. Mkato wenyewe umo katika kibonye cha nukta-mkato, na mkwaju katika kile cha alama ya mshangao. Tarakimu hupatikana bila Shift: 0 iko kwenye à, 1 iko kwenye &. Mabano hutaka Shift: la kufungua kwenye ç, la kufunga kwenye à. Alama ya sawasawa, kwa bahati, iko mahali pake. Si mtu mmoja aliyefuta diski kwa kukosa maelezo mafupi kama hayo.

Mfumo ukiisha kuwaka kwa njia hiyo, tengenezo halijakamilika, kwani GRUB bado inakumbuka namba ya zamani. Sharti itolewe amri ya «grub-install», ikifuatwa na jina la diski nzima, kama vile «/dev/sda», si la sehemu yake, kama vile «/dev/sda1»; kisha, katika Debian na jamaa zake, «update-grub». Palipo na diski mbili, uchaguzi wa diski una uzito kuliko unavyoonekana. Mwezi wa Julai 2020 kasoro ya usalama iliyopewa jina la BootHole ilitangazwa, na matoleo mapya ya GRUB yakagawiwa kwa haraka. Katika mashine ambamo GRUB ilikuwa ikiandikwa kwenye diski isiyo ile inayosomwa na BIOS, kipande cha mwanzo kilibaki cha zamani huku sehemu nyingine zikiwa mpya, na watu wakakuta maneno «symbol 'grub_calloc' not found». Nusu mbili za programu moja zilikuwa hazisikilizani tena. LILO ingeandika LI ikanyamaza.

Katika mashine za karibuni BIOS imerithiwa na UEFI, ambayo haisomi tena kipande cha kwanza bali hufungua sehemu maalumu ya diski na kuchukua humo faili ya kianzishi. Makosa ya ramani na silinda yamekwisha. Yamekuja ya vibali. Kinga iitwayo Secure Boot hukubali tu programu yenye sahihi inayotambulikana, na GRUB huingia kwa kutanguliwa na programu ndogo yenye sahihi hiyo, jina lake shim. Mwezi wa Agosti 2024, toleo jipya la Windows liliandika katika mashine orodha ya viwango vya chini vya vianzishi vinavyokubaliwa, na kompyuta kadhaa zenye mifumo miwili pamoja zikaikataa shim yao iliyokuwa ya zamani: ziliandika kwamba kuna jambo lililoharibika vibaya, zikataja herufi SBAT, zikajizima. Faili zote zilikuwa salama. Waliofahamu maana ya herufi hizo waliizima Secure Boot katika mipangilio ya mashine, wakaingia Linux, wakatoa amri ya «mokutil --set-sbat-policy delete», wakaanzisha mashine tena, wakaweka shim mpya, ndipo wakairudisha kinga mahali pake.