Kuirekebisha Pikipiki ya Chama Imfae Mpandaji Mrefu

Kila chama cha msingi kinafahamu kwamba mzani usiokaguliwa kabla ya msimu huzaa ugomvi kati ya chama na wakulima. Ndiyo maana mzani hukaguliwa na kurekebishwa kabla gunia la kwanza halijapimwa. Pikipiki ya chama haipati uangalifu huo. Hununuliwa, hutiwa mafuta na kukabidhiwa kwa katibu kama ilivyotoka kiwandani, wala haiulizwi kama inalingana na mwili wa atakayeipanda. Kwa mtu wa kimo cha wastani jambo hili halina madhara makubwa. Kwa mtu mrefu, yaani mwenye sentimeta 180 na zaidi, lina madhara kwa mwili wake, kwa usalama wake na kwa mali ya wanachama aliyokabidhiwa.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa safari za katibu ni nyingi. Mfumo wa stakabadhi za ghala, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007 na kisha kuenea mkoani Lindi, umeongeza safari hizo. Hati hupelekwa ghala kuu, minada huhudhuriwa, na malipo ya wakulima hufuatiliwa benki. Kazi ya korosho ikipungua, hufuata ile ya ufuta, kisha mbaazi. Katibu atokaye Kilimarondo kwenda Nachingwea mjini, au Mandawa kwenda Ruangwa mjini, hukaa kitini muda mrefu akipita kwenye changarawe, mchanga na, wakati wa mvua, matope yenye utelezi.

TATIZO LILIVYO

Pikipiki nyingi zinazotumika vijijini, za injini ya ujazo wa sentimeta 125 au 150, zimetengenezwa zimfae mtu wa kimo cha kati. Mtu mrefu akiipanda, magoti yake hukunjika kupita kiasi kwa sababu kiti kiko karibu mno na vikanyagio vya miguu. Pia hulazimika kuinama kuufikia usukani, na uzito wa kifua chake hulemea viganja. Ili kupata nafasi husogea nyuma, mahali pa abiria. Hapo ndipo hatari huanza, kwa kuwa uzito ukihamia nyuma, hasa kukiwa na mzigo kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba kwenye mchanga.

Dalili ni rahisi kuzitambua. Mpandaji akae kitini mahali pake, aweke miguu kwenye vikanyagio, kisha mtu wa pili amtazame kwa ubavuni. Goti likikunjika zaidi ya pembe mraba, nafasi ya miguu ni finyu. Usukani ukizungushwa hadi mwisho, kushoto na kulia, na kugusa goti, pikipiki haifai kuendeshwa katika hali hiyo: siku ya kukata kona kali mkono utazuiwa na goti.

MPANGO WA MAREKEBISHO

Marekebisho yaanze na yale yasiyo na gharama, tena yafanywe moja baada ya jingine. Kila moja likikamilika, mpandaji aende mwendo mfupi na kurudi. Anayebadili mambo matatu kwa mara moja hatajua lipi limemsaidia na lipi limemdhuru.

Kwanza ni usukani. Vibano vyake hulegezwa kwa spana, usukani ukazungushwa kidogo kuelekea juu mpaka mpandaji akae bila kuinama sana, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo. Baada ya hapo mikono ya breki na klachi hupangwa upya ili vidole viifikie bila kifundo cha mkono kupinda. Nati zikikazwa, injini iwashwe, gia ikiwa huru, na usukani uzungushwe pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutwa kupita kiasi. Kasoro hiyo iondolewe kabla ya safari, kwa sababu pikipiki itaongeza mwendo yenyewe wakati wa kukata kona.

Pili ni pedali. Mtu mrefu kwa kawaida ana mguu mrefu, na kiatu chake hubanwa chini ya pedali ya gia. Pedali hiyo hushikwa na bolti juu ya mhimili wenye meno. Bolti ikitolewa, pedali huweza kuchomolewa na kurudishwa ikiwa imepanda au kushuka jino moja. Pedali ya breki nayo iwe mahali ambapo unyayo huifikia bila kunyanyua mguu kutoka kwenye kikanyagio. Baada ya kuigusa, ulegevu wake upimwe kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Kwa breki ya ngoma mara nyingi ni kati ya milimita 20 na 30. Ihakikishwe pia kwamba gurudumu la nyuma linazunguka bila kukwaruza na kwamba taa ya breki inawaka.

Tatu ni shokapu za nyuma. Hizi hurekebishwa kulingana na uzito wa mpandaji na mzigo wake, wala si kimo. Lakini mtu mrefu mara nyingi ni mzito pia. Springi ikiwa laini mno, sehemu ya nyuma hulala, usukani huwa mwepesi, na taa ya mbele huangaza juu na kuwapofusha wanaokuja. Pete ya chini ya springi huzungushwa ngazi moja baada ya nyingine, na shokapu zote mbili ziwe katika ngazi sawa. Baada ya hapo mwanga wa taa utazamwe upya usiku, ukutani.

Nne, na hili lina gharama, ni kiti. Fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ngumu ya sentimeta 3 hadi 5. Sponji laini ya godoro haifai, kwani hudidimia baada ya muda mfupi na kurudisha tatizo lilelile. Juu ya kiti pawe sawa, pasielekee mbele, la sivyo mpandaji atateleza kuelekea tangi kila anapofunga breki.

YASIYOFAA KUIGWA

Wapo wanaovutiwa na pikipiki ndefu za kukaa chini, zenye vikanyagio vilivyosogezwa mbele, kama zile ambazo Harley-Davidson ya Marekani imejulikana nazo. Miguu ya mtu mrefu hunyooka vizuri juu ya pikipiki hizo, nazo hufaa kwa barabara pana ya lami. Lakini aliyenyoosha miguu mbele hawezi kuinuka kitini anapokutana na mashimo, na kila kishindo hupokewa na uti wa mgongo. Kwenye barabara ya matuta madogo madogo, miguu iliyo chini ya mwili, magoti yakiwa yamekunjika kiasi, hupunguza kishindo kabla hakijafika kiunoni.

Kwa hiyo vikanyagio visikatwe na kuchomelewa mbele. Chuma kilichochomelewa vibaya huweza kukatika njiani, na pedali za breki na gia hubaki mbali na mguu. Kadhalika usukani usirefushwe kwa bomba la kuungwa.

PIKIPIKI MOJA, WAPANDAJI WENGI

Mara nyingi pikipiki ya chama hupandwa na katibu, na pia mtunza ghala. Kiti kilichoinuliwa kwa ajili ya mtu mrefu humnyima mfupi uwezo wa kukanyaga ardhi anaposimama, naye huanguka na pikipiki papo hapo. Katika hali hiyo yafaa sponji ya kuongeza ishonwe peke yake na kufungwa kwa mikanda imara, ili iweze kutolewa. Mahali pa usukani panapomfaa kila mpandaji patiwe alama ya rangi, na ngazi ya shokapu iandikwe katika daftari la pikipiki.

WAJIBU WA BODI

Chama kinachokusudia kununua pikipiki kimpeleke dukani mtu atakayeitumia, akae juu yake na kuzungusha usukani kabla fedha hazijalipwa. Chama chenye pikipiki tayari kiweke ukaguzi wake katika orodha ya maandalizi ya msimu, pamoja na mzani, magunia na maturubai. Marekebisho matatu ya kwanza yanahitaji spana na muda mfupi tu. Katibu akianguka njiani, gharama ya matibabu na matengenezo hugeuka mzigo kwa chama, na wakulima husubiri malipo yao mpaka apatikane mtu mwingine wa kuyafuatilia. Mpandaji anayelalamikia magoti au mgongo asichukuliwe kuwa mvivu. Pikipiki yake ikaguliwe kwanza.