Gauni la Binti Mfalme Huanzia Ndani

Gauni la kwanza la binti mfalme nililolishona lilikuwa na tabaka 11 za neti. Idadi naikumbuka kwa sababu nilizihesabu mara mbili: kwanza kwa majigambo, nikiwaonyesha mawifi zangu, halafu kwa aibu, nikizifumua. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatimiza miaka mitano. Alitoka chumbani amevimba kama kuku anayeatamia, vigelegele vikapigwa, simu zikainuliwa. Hazikupita dakika ishirini akanivuta mkono: "Shangazi, nataka kukojoa."

Tuliingia naye chooni watu wazima watatu. Mmoja kashika neti za mbele, mwingine za nyuma, mimi nikamtafuta mtoto katikati. Alipotoka hakuweza kukaa, maana kila akiketi kwenye kiti cha plastiki neti zilimsukuma mbele akateleza. Shingoni na kwapani vipele vya joto vikaanza kutoka. Mama yangu hakusema neno. Alimvua, akampaka poda, na keki ikakatwa na binti mfalme aliyevaa singlendi na taji.

Nimeshona magauni mengi ya namna hiyo tangu siku ile, na kila mzazi anayeniletea picha ya katuni kwenye simu huanza na kilicho juu: rangi, shanga, vitu vya kumetameta. Mimi huanza na kilicho ndani. Umbo la gauni la kifalme hutokana na kinachobeba kitambaa cha juu, na raha ya mtoto hutokana na kinachomgusa ngozi. Hayo mawili yakiwa sawa, unaweza kupamba kwa utepe mmoja tu likaonekana la kifalme. Yakikosewa, hata ukimwaga shanga za duka zima utakuwa umepamba hema.

Tuanze na sketi, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wengi wanapotaka gauni lifunguke hukata duara zima, yaani kitambaa cha mviringo chenye tundu la kiuno katikati. Chukua mtoto ambaye kiuno chake, ukishaongeza sentimita 3 za kupumulia, ni sentimita 54. Ukigawa 54 kwa 6.28 unapata 8.6, na hicho ndicho kipimo kutoka katikati hadi ukingo wa tundu. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 55, upate 63.6. Duara lote litakuwa na upana wa kama sentimita 127, kwa hiyo kwenye satini ya upana wa mita 1.5 utanunua mita 1.3.

Sasa kata nusu duara. Unagawa 54 kwa 3.14, unapata 17.2. Ongeza 55, inakuwa 72.2. Nusu duara hiyo inalala kwenye sentimita 75 tu za kitambaa kilekile, na pindo limo. Nusu mita na ushee imebaki mfukoni. Kweli, pindo lake la chini lina mzunguko wa kama mita 2.3 badala ya mita 4 za duara zima, lakini mtoto wa miaka mitano hahitaji mita 4 za satini zikimning'inia kiunoni. Satini ni nzito na inaanguka. Ukiizidisha hushuka chini kama pazia la msibani. Kinachoifungua ni neti iliyo chini yake, na neti ni nyepesi.

Kosa langu la zile tabaka 11 halikuwa idadi peke yake. Nilizishonea kiunoni zote. Kiuno cha mtoto ni kidogo, na ukikirundikia mikunjo yote hiyo unapata tairi. Siku hizi neti naianzishia chini. Kwanza nakata bitana ya nusu duara, fupi kuliko satini kwa vidole viwili. Kisha nashuka sentimita 30 kutoka kiunoni na kuchora mstari kuzunguka bitana. Mstari huo una urefu wa karibu sentimita 148. Kutoka kwenye nusu mita ya neti ngumu yenye upana wa mita 1.5 nakata vipande viwili vya sentimita 25, naviunga kupata ukanda wa mita 3, napitisha uzi wa mshono mrefu, nauvuta mpaka ukanda ujikunje kufikia nusu ya urefu wake, na kuushonea kwenye mstari ule. Kwa kuwa umeshonewa upande wa nje wa bitana, mguu wa mtoto unakingwa na bitana usisuguliwe na neti. Kiuno kinabaki chembamba, pindo linasimama, na mtoto akikaa neti inakunjikia pembeni badala ya kumsukuma. Ukitaka livimbe zaidi, ongeza ukanda wa pili juu kidogo ya ule. Wa tatu ni tamaa.

Kuhusu bitana yenyewe, usinunue. Fungua kabati utafute kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Satini nyingi tunayouziwa Kariakoo na kwingineko ni poliesta, na poliesta hainywi jasho. Katika hewa ya kawaida uzi wa pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifikishi hata asilimia moja. Kwa sherehe ya saa tisa mchana Dar es Salaam, mwezi wa Januari, tofauti hiyo utaiona shingoni mwa mtoto. Kanga moja ya mita 1.5 kwa 1.1 inatosha nusu duara ya bitana na ukanda wa sentimita 38 unaobaki unatoa bitana ya kifua. Jina la kanga likiangukia mgongoni kwa ndani, liache palepale. Bibi mmoja aliyeniletea kanga yake ya bitana alinisisitizia nisilikate, akasema mjukuu atembee nalo.

Satini ina tabia zake. Mng'ao wake unatokana na ufumaji: nyuzi zinaruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, kwa hiyo mwanga unateleza juu yake bila kukatika. Ndiyo maana inanasa haraka, na ndiyo maana inabadilika rangi ukiigeuza. Vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, la sivyo utakuta ubavu wa kushoto umepauka na wa kulia umekoza, na mteja ataapa umechanganya vitambaa viwili. Sindano namba 16 iliyobaki kwenye cherehani tangu uliposhona suruali za shule itavuta nyuzi kila inapotoboa. Weka namba 11, mpya.

Kuna mazoea yetu mafundi ya kuchoma ncha za satini kwa kiberiti zisifumuke. Kwenye ua la utepe ni sawa. Kwenye mshono wa kwapa ni ukatili, kwani poliesta ikiyeyuka na kupoa huacha punje ngumu kama mchanga, na mtoto atajikuna sherehe nzima bila kujua kwa nini. Funika mshono kwa bitana.

Mgongoni achana na zipu. Zipu za bei rahisi huachia palepale wimbo wa keki unapoanza, na kwenye satini mshono wake hukunjamana. Kata kipande cha nyuma kipana kwa sentimita 15 zaidi, upitishe mistari mitatu au minne ya lastiki nyembamba. Gauni linavaliwa kwa kichwa, linavutika mtoto akishiba, na mwakani bado litamwingia. Urefu uishie vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Mama wengi hubisha hapa, wanataka liburuze kama la kwenye filamu. Binti wa kwenye filamu hakimbizani na binamu zake kwenye vigae vilivyomwagikiwa soda.

Tukizitaja filamu: mwaka 2000 bosi mmoja wa kampuni ya Disney, Andy Mooney, alikwenda kutazama onyesho la kuteleza juu ya barafu mjini Phoenix, Marekani. Inavyosimuliwa, alijikuta amezungukwa na wasichana wadogo waliovaa kifalme, na magauni hayo hayakuwa bidhaa za kampuni yake. Yalikuwa yameungwaungwa nyumbani. Akaona soko. Hapo ndipo ilipotokea ile safu ya mabinti wafalme wanaouzwa pamoja kwenye mabegi, soksi na magauni ya dukani. Kwa hiyo anayekuambia la kushona nyumbani ni la kuigiza la dukani, mwambie ameanza hadithi katikati.

Na si lazima awe binti mfalme wa barafuni. Mwaka jana mteja alinijia na picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Katika picha yake inayojulikana sana amevaa kipwani: vazi refu na suruali ya marinda iliyochanua chini. Kushona suruali ile ya marinda ni rahisi kuliko gauni lolote la neti. Miguu miwili ya suruali pana ya pamba, na chini ukanda uliokunjwa. Mtoto alipanda mwembe nayo.

Taji nalo lina hesabu yake. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano kina mzunguko wa kama sentimita 51, na watu hukata ukanda wa boksi wa urefu huohuo wakaugundisha. Ukimbana unampa kichwa kuuma, ukilegea unamwangukia puani. Kata ukanda wa sentimita 30 tu, wa mbele, kutoka boksi la biskuti, halafu nyuma malizia kwa lastiki. Yale mataji ya plastiki yenye vichanuo hushika nywele ndefu za kuteleza. Mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya shule hana pa kuchomekea kichanuo, na aliyesukwa twende kilioni vichanuo vitamchoma kwenye njia. Lastiki haina ubaguzi. Funika boksi kwa karatasi ya fedha ya jikoni, upande uliofifia ukiwa nje, maana ule wa kung'aa sana unarudisha mwanga wa simu na picha inaonyesha doa jeupe juu ya paji la uso.

Mapambo ya ukumbi nitayapitia haraka, kwa sababu ukumbi wenyewe kwa kawaida ni sebule. Chagua ukuta mmoja. Picha zote zitapigwa hapo, na hakuna atakayekumbuka kuta nyingine zilikuwaje. Wenye chandarua cha duara wana kasri tayari: kitundike juu ya kiti cha mtoto, kifungue mbele kama mapazia, kifunge pembeni kwa utepe. Lakini usikikate, wala usikishonee nguo. Kina dawa, na usiku kina kazi. Sherehe ikiisha kirudi kitandani. Maputo yatundikwe kivulini, kwani juani hewa ya ndani hutanuka na mpira hudhoofika, yakaanza kupasuka moja moja kabla wageni hawajafika. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe papo hapo. Mtoto mdogo akitia kile kipande cha mpira mdomoni kinaweza kuziba koo lote, na ni kigumu kukitoa.

Kuna jambo moja ambalo mteja akilipuuza namrudishia kitambaa chake: moto. Neti ni uzi mchache na hewa nyingi, na vyote viwili ndivyo moto unavyovipenda. Ikiwa ya nailoni au poliesta, inayeyuka huku ikiungua na kuganda kwenye ngozi. Mwaka 2014 huko Uingereza binti wa mtangazaji maarufu wa televisheni aliungua vibaya baada ya nguo yake ya kuigiza ya sherehe ya Halloween kugusa mshumaa, na kisa hicho kilifanya viwango vya usalama vya nguo kama hizo vijadiliwe upya. Nguo ya kununuliwa angalau ina lebo ya kuulizia. Ya kwangu haina lebo, ina mimi. Kwa hiyo mikono ya gauni huishia juu ya kiwiko, bila neti ya kuning'inia, na mishumaa ya keki huwekwa upande wa mbali na mtoto, na mtu mzima awe ameshika gauni kwa nyuma wakati mtoto anapuliza. Mishumaa ya mezani iwe ile ya betri.

Kilichobaki ni kuvua. Ule ukanda wa neti niliokuelekeza ushonee kwenye bitana kwa mshono mrefu, ule wa kushikizia tu. Sherehe ikipita, vuta uzi mmoja na neti yote inatoka kwa dakika kumi. Unabaki na gauni la satini lenye bitana ya kanga, la kuvaa Idi au kanisani, na pindo la kushusha akirefuka. Lifue kwa mkono, lianikwe kivulini.

Neti yenyewe usiitupe. Zile tabaka zangu 11 mama alizichukua siku ileile, akazikata akazipinda kingo, na mpaka leo ukienda kwake asubuhi utakuta vitumbua vimefunikwa kwa gauni la binti mfalme.