Chenso ya Kupasulia Mbao: Iboreshe Ukikumbuka Mwili Wako

Kama una migrevilea mpakani mwa shamba lako hapa Nduruma, huenda umekwisha kumwita mwenye chenso akupasulie mbao papo hapo shambani. Wengi hupasua kwa kukisia kwa macho, mguu ukiwa karibu na mnyororo. Mbao hutoka na mawimbi, na mara nyingine mtu hutoka na jeraha.

Mafundi wa kuchomelea wanaweza kutengeneza fremu ya bomba la mraba, inayobana bamba la msumeno kwa bolti. Juu ya gogo pigilia ubao ulionyooka, fremu iteleze juu yake. Fremu na ifunike ncha ya bamba, kwa maana ncha hiyo ikigusa mti, msumeno huruka ghafla kumwelekea mshikaji.

Inua upande mmoja wa gogo, uanze kupasua kutoka juu kuteremka. Uzito wa msumeno utakusaidia kusukuma. Weka mpini mrefu ili usimame wima, usiinamie moshi wa injini. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Pigilia kabari nyuma ya msumeno ili mbao zisiubane.

Kwa kupasua mbao, meno hunolewa kwa pembe ya digrii 10 hivi, siyo 30 kama ya kukatia magogo. Vumbi la mbao husababisha saratani ya pua, kwa hiyo vaa barakoa.

Liko boresho moja ambalo tunalikataa kabisa: kutoboa egzosi ili injini ipate nguvu. Hata ikiwa nzima, chenso hupita desibeli 100. Kwa sauti hiyo, robo saa tu hufikisha sikio kwenye kipimo chake cha siku nzima. Uziwi wa namna hii hauna dawa. Fundi huanza kwa kutosikia ndege, halafu sauti za watoto, naye husema watu siku hizi wananong'ona! Vaa vizibo vya masikio.

Vidole vikifa ganzi na kuwa vyeupe asubuhi ya baridi, ni mtetemo wa mashine. Badilisha mipira ya mpini iliyochakaa, pumzika mara kwa mara, na umwone mganga mapema.

Usifanye kazi peke yako. Mwenzako akae kando, si mbele ya msumeno, akiwa na kitambaa safi cha kukandamizia damu.