Ndege ya vita ya Kikima iko wapi?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Ukambani, ana miaka 15 na maradhi yake ni ndege. Likizo ya Agosti nilipokwenda kuwajulia hali kwao Kikima, kule juu kwenye vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, alinionyesha kwenye simu picha za vijimji vya Marekani ambavyo hata kwenye ramani huvioni mpaka ukodoe macho. Pana kituo cha mafuta, kanisa, shule, na katikati yake, juu ya nguzo ya saruji, pana ndege ya kivita iliyoinua pua kama inapaa. Wako watu, akaniambia, ambao starehe yao ni kuendesha gari mji hata mji kuzisaka ndege hizo na kuandika namba zake. Kisha akaniuliza: "Mjomba, na ya Kikima iko wapi?"

Mamake alicheka, akamwambia aende akalete kuni. Mimi swali lilinikaa, kwa sababu jibu lake limefungamana na sisi watu wa Pwani kuliko anavyodhani kijana yule.

Tuanze na hao Wamarekani. Ndege zile hazikuanguka kutoka mbinguni wala mji haukuzinunua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia na ile vita ya Korea, jeshi la anga la Marekani lilijikuta na maelfu ya ndege ambazo zimepitwa na wakati kabla hazijachakaa. Ndege moja tu ya mafunzo, T-33, ilitengenezwa zaidi ya 6,500. Nyingi ziliyeyushwa, lakini baadhi walikopeshwa miji, shule na vyama vya askari wa zamani. Nasema walikopeshwa kwa makusudi: mpaka leo ndege hizo kwa kawaida ni mali ya serikali, na daftari lake liko kwenye makumbusho ya jeshi la anga karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Mji hutia sahihi kwamba utaipaka rangi na kuitunza. Ukiipuuza, wenyewe wanaweza kuja kuichukua. Injini hutolewa, mafuta hukaushwa, silaha huondolewa, na kila tundu huzibwa, maana ndege wa mbinguni nao hupenda kujenga viota ndani ya ndege za vita.

Hapo ndipo penye utamu wa hao wasakaji. Namba iliyopakwa mkiani huenda si yake. Mji huenda uliomba ipakwe namba ya rubani shujaa wa kwao, au fundi wa rangi alinakili kutoka kwenye picha. Kwa hiyo msakaji hatosheki na rangi. Huinama chini ya bawa, akachungulia kwenye shimo la magurudumu au ndani ya chumba cha rubani, akitafuta kibati kidogo cha kiwandani kilichopigwa namba. Kibati hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Ukikipata unaweza kuifuata ndege yako kikosi kwa kikosi, kambi kwa kambi, mpaka siku iliyopandishwa nguzoni.

Sasa turudi kwetu. Jeshi la anga la Kenya lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Ndege zake za kwanza za vita zenye injini ya jeti zilikuwa Strikemaster, ndege 6, zilizofika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha zikaja Hawker Hunter. Hesabu yake ni ya kuhesabia vidole vya mikono na miguu, na vidole vitabaki. Na hizo chache hazikuzeekea nyumbani: Hunter zilikwenda Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadhi ya Strikemaster zikaishia Botswana mwaka 1988. Kuanzia 1978 tukawa na F-5 za Marekani, na miaka mingi baadaye serikali ikanunua nyingine 15 zilizokwisha kutumika kutoka Jordan, ununuzi ulioleta maneno mengi. Nchi inayonunua ndege kuukuu haina ndege kuukuu ya kugawa. Ndege iliyolala kwenye banda ni duka la vipuri kwa zile zinazoruka: leo wametoa tairi, kesho pampu, keshokutwa kioo.

Yako na mambo ya siasa, na hapa natoa rai yangu tu. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Jeshi lenyewe likavunjwa, likaundwa upya na kuitwa kwa jina lenye mwaka huo, na jina la Jeshi la Anga la Kenya halikurudi mpaka 1994. Serikali iliyoonja uchungu huo haitakuwa na haraka ya kusimamisha ndege ya vita katikati ya soko la Kikima.

Basi mpwa wangu nilimjibu: hakuna, na sababu ni hesabu. Lakini nikamwambia akija Mombasa nitampeleka akaone kitu kinachosakwa vivyo hivyo, kwa namba na kwa makaratasi, na kilichofika kwetu kwa njia ya ajabu kuliko T-33 yoyote ya Ohio.

Wengi wetu tumepita mbele ya Fort Jesus mara zisizo na idadi, tukaiona mizinga miwili ya chuma, si ile ya kale ya Mreno na Mwarabu, bali mirefu, ya zama za meli za moshi. Watoto huipanda, wageni hupiga nayo picha. Mmoja ni wa manowari ya Mjerumani, Königsberg. Wa pili ni wa manowari ya Mwingereza, Pegasus. Walikuwa mahasimu, tena mmoja alimzamisha mwenziwe.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa bandarini Unguja, imezimwa mitambo inafanyiwa matengenezo. Königsberg ilitokea baharini ikaipiga kwa mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikufika. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengine wao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, kile mnachokiona mkitoka Forodhani. Meli ilizama, lakini mizinga yake ilitolewa ikatumika nchi kavu, mingine ikaletwa Mombasa kulinda bandari.

Königsberg nayo haikwenda mbali. Ilijificha kwenye mikoko ya mto Rufiji, mahali ambapo mto unagawanyika vijito vingi na manowari kubwa za Mwingereza haziwezi kuingia. Ndipo ndege zikaja katika hadithi hii. Mwezi Novemba 1914 rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa kutoka Durban na ndege yake inayotua majini, akaruka kutoka kisiwa kidogo kiitwacho Nyororo, akaiona meli imefichwa chini ya miti. Mwezi uliofuata ndege ikaharibika, ikatua mtoni, naye akatekwa. Zikaletwa ndege nyingine kutoka Uingereza. Joto letu lilizishinda: gundi iliyoshika mbao zake iliyeyuka, na injini zilikataa kuzinyanyua juu. Mwishowe Mwingereza, akiwa amekwisha kuitwaa Mafia, alisafisha uwanja kisiwani humo na kurusha ndege za magurudumu.

Tarehe 6 Julai 1915 jaribio la kwanza lilishindwa. Tarehe 11 meli mbili fupi za kina, Severn na Mersey, ziliingia mtoni tena. Ndege juu iliwatumia habari kwa mitambo ya telegrafu: risasi imepita, imepungua, rudi kidogo kushoto. Ndege ile ilipigwa ikaanguka mtoni, lakini ilikuwa imekwisha kuwaelekeza shabaha. Kapteni Max Looff akaamuru watu wake waizamishe Königsberg wenyewe.

Ungetafuta leo ndege zile za Mafia hupati hata ubao. Zilikuwa mbao, kitambaa na waya, na Pwani haihifadhi vitu vya namna hiyo. Ndiyo kanuni ya kwanza ya usakaji: kinachobaki si kile kilichofanya kazi kubwa, bali kile kilicho kizito mno kuchukuliwa na kigumu mno kuoza.

Mizinga ya Königsberg ilikuwa 10, ya milimita 105, na yote ilitolewa mtoni. Ilivutwa kwa kamba mpaka Dar es Salaam, kupitia tope la Rufiji na mchanga, na waliovuta walikuwa mamia ya watu wa nchi. Mafundi wa karakana za reli wakaitengenezea magurudumu, ikasambazwa. Mmoja ulipandishwa kwenye meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika, meli ambayo tunaijua leo kwa jina la Liemba. Mwingine ulikwenda Mwanza. Mmoja uliachwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, Machi 1916, Wajerumani wakaulipua ili adui asiutumie. Mingine ilinguruma Kondoa Irangi mwezi Mei mwaka huo huo. Mmoja mmoja ikatekwa au kuvunjwa na wenyewe, mpaka vita vikaisha.

Inayojulikana kubaki ni mitatu. Mmoja uko Pretoria, kwenye majengo ya serikali ya Afrika Kusini. Mmoja uko Jinja, Uganda. Na mmoja ni huu wetu wa Ngomeni. Meli yenyewe ilikatwakatwa vyuma chakavu kwa miaka mingi, na kilichosalia kikamezwa na tope.

Ukitaka kusaka kama wasakaji wanavyosaka, usianzie kwenye maandishi ya kibao. Nenda nyuma ya mzinga, panapofunguliwa kutia risasi. Mizinga ya Krupp, kiwanda cha Mjerumani, kwa kawaida hupigwa namba kwenye chuma chenyewe. Rangi imepakwa juu ya rangi, na chumvi ya bahari imekula, kwa hiyo pita na kidole kabla ya jicho. Linganisha tundu za midomo: wa Mwingereza ni inchi 4, yaani kama milimita 102, wa Mjerumani 105. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa penseli, na ndogo hiyo ndiyo kitambulisho.

Lakini Kikima inaingia wapi? Inaingia kwenye kamba. Vita vile viliendeshwa kwa mabega ya watu. Upande wa Mwingereza waliitwa Carrier Corps, neno ambalo midomo yetu ililigeuza Kariakoo, na mpaka leo kuna Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Mwaka 1917 wapagazi walikamatwa wilaya baada ya wilaya, na Ukambani ikatoa wengi, sawa na Pwani yetu. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliotoka Kenya wakafa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Miaka ya 1920 Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilisimamishiwa sanamu za shaba. Vijiji vilivyotoa watu havikupata kitu.

Mzinga una namba. Ndege ya Ohio ina kibati. Mpagazi naye aliandikwa namba, akavikwa shingoni, na wengi walikufa kabla ya kulipwa. Mishahara ambayo haikuchukuliwa na wenyewe iligeuka kuwa mjadala wa miaka mingi kati ya Nairobi na London, na familia hazikuona kitu.

Mzee mmoja wa Kikima, jirani ya shemeji yangu, aliniambia babake mdogo alichukuliwa akapelekwa "kwa Mjerumani" na hakurudi. Nilimuuliza, "Mzee, alipelekwa upande gani?" Akanyoosha mkono kuelekea kusini, upande wa Voi na Taveta. Zaidi ya hapo hana, hata jina la kambi.

Nina wasiwasi mwingine wa karibu zaidi. Vyuma vya umma nchini mwetu vina maadui. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu watu walikuwa wakikata nguzo za umeme na kung'oa reli, kisha mwezi Mei marufuku yakaondolewa. Mizinga ya Ngomeni ni mizito, na iko mbele ya macho ya watu, ndiyo salama yake. Adui wake mkubwa ni upepo wa kaskazi wenye chumvi na kutu inayotafuna kutoka ndani ya mtutu, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Wamarekani huziba matundu ya ndege zao, na kuziba mtutu ni kazi ya fundi mmoja kwa asubuhi moja.

Mpwa wangu anakuja Desemba, inshallah. Nimemwambia aje na daftari, penseli ya makaa na karatasi nyembamba, ili tuiweke juu ya chuma na kusugua namba ijitokeze. Na wewe msomaji, ikiwa kwenu Rabai, Mwatate, Kwale au kokote kuna mzee aliyehadithiwa na babake habari za kuvuta mizinga au kubeba mizigo ya vita vile, au kuna kibati cha namba kilichofichwa sandukuni, tuandikie jina lake na la kijiji chake.