Rekodi za mawimbi na nuru katika anga la Ukambani

Kutoka mji wa Kitui hadi Wote, makao makuu ya Makueni, ni kama kilomita 62 ukipima kwa mstari mnyoofu. Nuru huumaliza umbali huo kwa sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Sauti, kama ingekuwa na nguvu ya kufika, ingechukua dakika tatu. Nuru ndiyo inayoshikilia rekodi ya kasi katika ulimwengu mzima: kilomita 299,792 kila sekunde mahali pasipo na hewa, na hakuna chombo wala chembe iliyowahi kuipita. Rekodi nyingine za mawimbi huvunjwa na kuvunjwa tena, nazo nyingi zimewekwa mbali na kwetu. Lakini sheria zinazozizaa zinafanya kazi hapa hapa Ukambani, na mtu wa Mutomo au Mtito Andei anaweza kuzishuhudia bila kununua kifaa chochote.

Tuanze na barabara ya Mombasa. Ukitoka Emali kuelekea Makindu na Kibwezi mchana wa Februari, lami iliyo mbele yako inang'aa kana kwamba imemwagiwa maji. Lori linalokuja linaonekana likielea, na chini yake kuna kivuli chake kilichopinduka, taa kwa taa. Ukisogea, maji nayo yanasogea, huyafikii kamwe. Haya ndiyo mazigazi. Lami nyeusi imemeza joto la jua, hewa inayoigusa imepata moto na kuwa nyepesi, na nuru hupita kasi kidogo zaidi katika hewa nyepesi kuliko katika hewa nzito iliyo juu yake. Mwali unaoshuka kutoka angani kuelekea barabarani hupinda taratibu, ukaingia jichoni ukitokea chini. Ubongo umezoea kwamba nuru husafiri moja kwa moja, basi unaliweka anga pale chini ulikotokea mwali. Unachokidhania maji ni kipande cha mbingu.

Na tofauti ya kasi inayofanya yote hayo ni ndogo ajabu. Hewa yote tunayoivuta huipunguzia nuru mwendo kwa sehemu kama tatu tu katika elfu kumi, na joto la lami hubadilisha kipande kidogo tu cha hizo tatu. Kwangu mimi hili linastahili kuorodheshwa miongoni mwa rekodi: tofauti ndogo kiasi hicho huonwa na watu wengi kwa macho matupu. Wanafunzi wetu hufundishwa kupinda kwa nuru kwa kalamu iliyotumbukizwa katika glasi ya maji, ilhali barabara inayopita nje ya lango la shule inafundisha somo lile lile kutwa nzima.

Upinde wa mvua una rekodi yake, na hii Kitui haiwezi kuivunja hata ikijitahidi. Tarehe 30 Novemba 2017, wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utamaduni wa Kichina, mjini Taipei, waliupiga picha upinde uliodumu saa 8 na dakika 58, muda mrefu kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Kwa nini si hapa kwetu, na Novemba ndiyo mvua yetu kuu? Jibu limo katika pembe. Mwali wa jua unapoingia katika tone la mvua hupinda, ukaakisiwa na ukuta wa nyuma wa tone, kisha ukatoka ukipinda tena, na upinde huonekana kwenye nyuzi kama 42 kutoka kivuli cha kichwa chako. Jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wote umezama chini ya upeo wa macho. Taipei iko mbali na ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Novemba jua lake hupita chini upande wa kusini. La Kitui hupanda juu zaidi. Ndiyo maana mtu aliyesimama kwenye tambarare za Mwingi, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, hawezi kuona upinde wa mvua angani, hata jua na mvua vikiwa pamoja. Atauona asubuhi akitazama magharibi, au jioni akitazama mashariki.

Radi iliyo ndefu kuliko zote ilipigwa Marekani tarehe 22 Oktoba 2017: kilomita 829, kutoka Texas hadi karibu na Kansas City. Hiyo ni karibu mara mbili ya umbali wa Nairobi hadi Mombasa kwa mstari mnyoofu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliitangaza mwaka 2025. Za kwetu ni fupi, lakini zinaua, na kanuni ya kuzipima ni rahisi: hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita.

Upande wa sauti, mlima wa volkano wa Hunga Tonga ulipolipuka katika Pasifiki tarehe 15 Januari 2022, mlipuko ulisikika kwa masikio Alaska, kilomita 10,000 kutoka hapo. Wimbi la msukumo wa hewa likaizunguka dunia zaidi ya mara moja. Vituo vyote 53 vya kimataifa vinavyosikiliza sauti nzito zisizofikiwa na sikio, vilivyowekwa ili kunasa majaribio ya nyuklia, vililinasa, kikiwemo cha Nairobi. Ukipiga hesabu ya kasi yake, lilipita juu ya Kitui usiku wa siku ile ile, baada ya saa kama kumi na nne, na hakuna aliyegutuka. Mtandao huo huo una kituo cha kupima mitetemo ya ardhi Kilimambogo.

Sauti nzito za aina hiyo zina wenyeji wake pia. Watafiti Katy Payne na Joyce Poole walizirekodi kwa ndovu wa Amboseli, ng'ambo ya vilima vya Chyulu, katika miaka ya 1980. Ndovu akinguruma kwa masafa ya hezi 17, wimbi moja lina urefu wa mita 20. Vichaka havilizuii, hivyo mwenzake hulisikia kilomita kadhaa kutoka hapo. Mkulima wa Kibwezi anayelinda shamba lake usiku amezingirwa na mazungumzo asiyoyasikia.

Vyombo vya angani navyo huipita sauti. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Chombo kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 20 ya kasi ya sauti. Kinapoingia hewani kwa kasi hiyo, mawimbi ya sauti hayapati nafasi ya kutangulia. Hurundikana kuwa kishindo kimoja.

Upande wa mawimbi mafupi, Kenya ina heshima isiyovunjika. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei, nuru yenye mawimbi mafupi kuliko tuyaonayo kwa mara elfu moja hivi. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Rekodi ya mwisho ni ya kivuli kifupi kuliko vyote, na hiyo ni yetu kila mwaka mara mbili. Kitui jua husimama utosini tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Mjini Wote ni tarehe 16 Machi na 27 Septemba. Machi ni kama saa sita na dakika 37 mchana, Septemba ni kama saa sita na dakika 20. London jambo hilo haliwezekani, Cairo pia haliwezekani. Walimu, simamisheni fimbo wima uwanjani dakika hizo, na watoto watoke darasani wakaone kivuli kikiisha.