Fedha za korosho: shilingi, dola au bati?

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, mkulima wa Chiungutwa, wilayani Masasi, hupata kwa wiki chache fedha za kula mwaka mzima. Korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), zinapelekwa ghala kuu, chama kikuu kinazinadi, na malipo yanaingia kwenye akaunti yakiwa yameshakatwa ushuru, ghala, usafiri na makato ya chama. Katika minada ya kwanza ya Mtwara Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye tani moja alijikuta na milioni tatu na ushee, na ushauri wa bure kutoka kila kijiwe: "Njomba, badili dola. Shilingi inaoza."

Ushauri huo haukuzuka hewani. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17 na nusu. Mwaka 1995 ilikuwa kama 575. Ndani ya miaka kumi dola ilipanda karibu mara 33, na mtu aliyeuza korosho akaweka noti kwenye sanduku alibaki na karatasi. Katikati ya miaka hiyo ndipo milango ilipofunguliwa. Sheria ya Mabenki ya 1991 iliruhusu benki binafsi, na Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ikaleta maduka ya kubadilishia fedha. Kabla ya hapo ukikamatwa na dola mfukoni una kesi. Baada yake unaweza kuingia dukani mchana kweupe ukatoka nazo. Watu waliikimbilia dola wakiwa na akili zao timamu. Wazimbabwe walifika mbali zaidi: mwaka 2009 waliiacha kabisa sarafu yao.

Lakini hofu ya 1995 si hesabu ya leo. Tangu mwaka huo hadi 2025 dola imetoka 575 hadi kama 2,500, yaani mara nne na kidogo kwa miaka 30. Kwa mwaka ni wastani wa asilimia 5. Mfumuko wa bei siku hizi unazunguka asilimia 3. Kwa hiyo chochote cha shilingi kinachokulipa zaidi ya asilimia 5, kodi ikishatoka, kimeishinda dola kwa mwendo wa muda mrefu. Watu wengi wa vijijini hawajawahi kuambiwa hivyo, kwa sababu mwenye dola anaonekana, mwenye hati fungani haonekani.

Kwa mwendo mfupi, dola ni kamari, tena mkulima wa korosho anaicheza akiwa upande mbaya wa meza. Wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi ni Wahindi na Wavietnamu, na wanakuja na dola. Msimu unapopamba moto, dola za korosho, za dhahabu na za watalii zinaingia kwa pamoja, na shilingi inapata nguvu. Mwaka 2024 ndivyo ilivyokuwa. Oktoba dola ilipita 2,700. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya 2,500. Chukua mtu aliyelipwa mapema akabadili shilingi 2,700,000 kwa bei hiyo ya 2,700. Alipata dola 1,000. Mwishoni mwa Desemba anataka sare na madaftari ya watoto, anarudi benki, tuseme benki inanunua kwa 2,400. Anaondoka na 2,400,000. Laki tatu zimekwenda, na hakuna aliyemwibia.

Haki itendeke: aliyenunua Desemba hiyohiyo akasubiri hadi Aprili 2025 aliikuta dola ikikaribia tena 2,700. Alipata. Ila nani kijijini ana fedha asizozigusa kuanzia Krismasi hadi Pasaka? Na miezi michache baadaye dola ilikuwa imeshuka tena chini ya 2,500.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa ukutani. Benki ina bei mbili, ya kukuuzia na ya kununua kwako. Zikipishana shilingi 80, dola 1,000 zimekula 80,000 kabla bei ya soko haijasogea. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi Masasi mjini. Na ukifika dirishani na noti zako ulizozitunza kwenye kopo, karani anazigeuza moja moja kwenye mwanga: yenye kalamu anairudisha, iliyochanika anairudisha, ya miaka ya nyuma anauliza mwenzake kwanza. Noti ndogo za dola tano na kumi mara nyingi zinanunuliwa kwa bei ya chini kuliko za mia. Dola iliyokunjwa mara nne ndani ya khanga ina thamani pungufu, hata kama tarakimu yake ni ileile.

Tangu Machi 2025 pia kuna kanuni inayokataza kupanga bei, kutangaza au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Ile kodi ya nyumba ya Dar es Salaam au ada ya shule ya Arusha iliyokuwa ikitajwa kwa dola sasa ni ya shilingi. Kuwa na dola si kosa, na akaunti ya dola unaruhusiwa kufungua. Swali ni utazitumia wapi. Mwenye mtoto anayesoma nje ya nchi, au anayeagiza vipuri Dubai, ana sababu. Mwenye mikorosho, ambaye vibarua, chakula na ada zake vyote ni vya shilingi, anabadili mara mbili ili arudi pale alipoanzia.

Kuweka ndani? Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, watu warudishe noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010. Baada ya hapo si fedha halali. Sanduku halina redio.

Akaunti ya kawaida ya akiba inalipa asilimia 2 au 3, kwa hiyo inalingana na mfumuko wa bei au inaachwa nyuma. Ni ya kupitishia tu. Simu nayo ni hivyohivyo: ya kutumia, maana kila ukitoa unakatwa. Akaunti ya muda maalumu ya mwaka mzima inaweza kufika asilimia 8. Milioni tatu zinazaa 240,000, kodi ya asilimia 10 inachukua 24,000, unabaki na 216,000. Bima ya amana inakulinda hadi milioni 7.5 benki ikifungwa. Mwaka 2018, benki tano zilipofungwa kwa mkupuo, kikomo kilikuwa milioni moja na nusu.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ndiyo ningeiangalia kwanza kwa fedha za katikati ya mwaka. Mfuko wa Ukwasi unaingia kwa laki moja, faida yake miaka ya karibuni imezunguka asilimia 12, na ukihitaji fedha unasubiri siku chache za kazi. Faida haina dhamana, inapanda na kushuka.

Bati na saruji nazo ni akiba, mradi unajenga kweli. Bati likiwa juu ya paa limekulipa kila masika. Likiwa limeegemezwa ukutani likisubiri bei ipande, utaliuza kwa hasara. Na saruji ikikaa masika mbili inageuka jiwe.

Ghali kuliko vyote hivi ni kangomba, yaani kuuza korosho kienyeji nje ya mnada. Ukimuuzia mtu korosho Agosti kwa 1,500 kwa kilo, na Novemba mnada ukakupa 3,000 mkononi, umekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitatu. Hata wakopeshaji wa kausha damu wangeona haya. Laki mbili tatu zilizobaki kwenye mfuko hadi Agosti zina faida kubwa kuliko dola yoyote, kwa kuwa zinakuepusha na mtu huyo.

Kwa anayebakiwa na milioni au zaidi asiyoihitaji kwa miaka, kuna hati fungani za serikali. Kima cha chini ni milioni moja, unanunua kupitia benki au dalali, na riba ya hati za miaka mitatu kwenda juu haikatwi kodi. Ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 mwaka 2021. Riba ya matoleo ya baadaye hupungua au kuongezeka, lakini ya hati uliyonunua haibadiliki. Ukitaka kuiuza kabla ya muda, bei ni ya soko na unaweza kupunjika. Riba inalipwa kila miezi sita, kwa hiyo uliza tarehe kabla ya kusaini: inayolipa Januari na Julai inakukuta shule zinafunguliwa na mikorosho inataka kupuliziwa.